Fundi Aliyeiogopa Rangi

Nimeona waoga wengi maishani. Mimi mwenyewe nikikuta mjusi bafuni, naoga kesho. Lakini Fundi alikuwa bingwa wa Kanda ya Ziwa nzima, na kama kungetolewa kombe la woga angekataa kulipokea, kwa kuhofia lisije likamponyoka likakwaruza sakafu ya watu.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeshika mashine ya kupolishi magari kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni mashine inayozunguka kama imechanganyikiwa, na yeye alikuwa akiilaza juu ya magari ya watu wenye hasira na vyeo, wala hakuna aliyemfikia Mwanza nzima. Walimletea magari kutoka Geita, kutoka Musoma, mengine nadhani yalishuka moja kwa moja kutoka mbinguni.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kama alivyonieleza yeye. Chukua gari jeusi lililooshwa miaka mitano kwa matambara yenye mchanga. Litoe juani. Utaona limejaa vijistari vya kuzunguka, kama buibui amelifanya shamba lake. Fundi anapaka dawa kwenye sponji, anawasha mashine, anasugua mpaka utando ule unapotea na gari linakuwa kama maji ya mtungini. Watu wanadhani tumepaka kitu. Hatujapaka. Tumekwangua. Juu ya rangi kuna ngozi ya kung'aa tunayoiita klia, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na mikwaruzo inakaa humo. Kuiondoa ni kuishusha ngozi yote mpaka ifike chini ya mkwaruzo. Ukizidisha, au ukikawia mahali pamoja mpaka bati lipate moto, ngozi inaungua na rangi inatoka na sponji. Haina kurudisha.

"Mimi sing'arishi gari," alikuwa akisema. "Mimi nalipunguza. Mtu amekuletea kitu chake ukipunguze, na wewe hutetemeki? Basi wewe ni mwizi."

Yeye alitetemeka. Kabla ya kuwasha mashine alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Alisugua kidogo, akazima, akaweka mgongo wa mkono wa kulia juu ya bati, akasikiliza joto. Akasugua tena, akazima, akaweka mkono. Mafundi wengine walikuwa wakipima kwa macho, kwa harufu, kwa kubahatisha. Yeye alikuwa na ule mkono. Ungeweza kuwasha kiberiti upande wa pili wa mlango naye akakwambia kimewaka upande gani.

Mkono huo ndio uliokuja kufa, na mtu wa kwanza kujua nilikuwa mimi. Nitafika huko.

Yadi yetu ilikuwa Ilemela, upande wa kwenda uwanja wa ndege, chini ya mawe makubwa ambayo mgeni akiyaona anauliza nani aliyapanga. Mimi nilikuwa muosha magari, mama wa mapacha, umri wa kuitwa shangazi, na jioni nikitoka kazini nilikwenda darasani kutafuta kidato cha nne nilichokiacha nikiwa msichana. Yadi nzima walinicheka. Fundi hakucheka. Kila asubuhi, baada ya "shikamoo" na "marahaba", aliniuliza, "Mama Doto, jana mwalimu kasemaje?" Nami nilimwagia yote, hata ambayo mwalimu hakusema. Siku niliyomweleza msuguano, kwamba vitu viwili vikisuguana vinazaa joto, alikaa juu ya ndoo akanitazama kwa huruma.

"Mmetumia jioni nzima kwa hilo?"

"Na kesho tunaendelea, Fundi."

"Kesho mwambie aje hapa. Namfundisha kabla chai haijapoa."

Kuhusu woga wake ningeweza kuandika kitabu, na kingekuwa na juzuu mbili. Hakuvaa mkanda, kwa sababu mkanda una chuma na chuma kinakwaruza. Suruali aliifunga kwa kitambaa. Ovaroli alikata vifungo vyote akashona kamba. Pete yake ya ndoa iliishi kwenye msumari nyumbani, na mkewe alishalalamika mpaka kwa mchungaji. Mteja akisogea karibu na gari, Fundi alikuwa keshafika katikati. "Funguo, baba, funguo mfukoni. Simama kwa huku." Wale korongo wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya nguzo kama mahakimu aliwachukia kwa majina, maana choo chao kikidondokea boneti yenye moto kinakula klia kama tindikali. Na zile siku wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi mweusi kutoka majini, alifunga kazi, akafunika gari kwa shuka za kwake, akakaa mlangoni akilinda. Mara moja nilimkuta anamsihi mjusi wa kichwa chekundu ashuke kwenye paa la gari. Alimwita "bwana".

Lakini huyohuyo alikuwa akivuka kwenda kwao Ukerewe na ziwa limechafuka, abiria wanasali kwa lugha sita, yeye amelala anakoroma. Na watu hakuwaogopa hata kidogo. Alikuja mkubwa mmoja mwenye simu tatu, anataka gari lake lipolishiwe kwa mara ya tatu mwaka huo, na liwe tayari mchana. Fundi alilizunguka, akaligusa kwa mgongo wa mkono, akasema halipolishiki tena, klia imekwisha.

"Unajua unaongea na nani?"

"Sijui, baba. Ninalijua gari."

Yule mtu alipiga kelele mpaka muuza mihogo akafunika beseni lake. Fundi alimsubiri amalize, akamnyooshea mashine kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. "Shika wewe, mheshimiwa. Likiungua liwe limeunguzwa na mwenyewe." Yule mkubwa aliitazama ile mashine kama nyoka. Akaondoka. Fundi akageuka akaanza kutetemeka, kwa sababu alikuwa amekumbuka kwamba gari linalofuata ni jeupe, na klia ya milango yake ni nyembamba.

Sasa niseme habari ya ulimi wake, maana ndio uliotuponza. Fundi alikuwa Mkerewe, na kwake L na R zilikuwa mapacha: unamwita mmoja, anakuja mwingine. Mimi ni Msukuma, na masikio yangu R hayaitambui hata ikija na barua ya utambulisho. Tulielewana vizuri sana. Alikuwa na neno moja alilolinong'ona kila alipoweka mkono juu ya bati: "Hali. Hali." Nilidhani analijulia hali gari, kama mgonjwa. Nilipenda sana jambo hilo, na nikipita na ndoo nilimwitikia kwa niaba ya gari, "Njema, Fundi." Alitabasamu. Miaka mitatu tukawa hivyo.

Sasa mkono.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, upepo unatoka ziwani. Nilikuwa namimina chai ya chupa, mpini ukateleza, chai ikamwagikia vidole vyake vya kulia. Chai ile ilikuwa ya moto kiasi kwamba mimi niliruka ilhali haikunigusa. Fundi hakuruka. Aliendelea kuongea, habari za mwalimu wangu, mpaka alipofuata macho yangu akaona vidole vyake vinatoa mvuke. Ndipo akavikung'uta, kwa kuchelewa, kama mtu anayecheka kichekesho baada ya wenzake.

Nikavishika. Vitatu vilikuwa vyeupe kwenye ncha, weupe wa mshumaa.

"Tangu lini, Fundi?"

"Ni baridi tu."

"Fundi."

Akatazama kushoto na kulia. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka hivyo kwa hatua moja. Alisema vilianza kwa kuwashwa asubuhi. Kisha ganzi. Kisha ganzi ikapanda mgongo wa mkono. Ni ule mtikisiko wa mashine, miaka yote ile, umemla kwa ndani. Mwezi mzima alikuwa anaweka mkono juu ya bati na bati linanyamaza.

"Umekuwa ukipimaje?"

"Kwa kuogopa," akasema. "Naacha mapema. Lakini ipo siku nitachelewa. Mama Doto, ukisema, nimekufa."

Sikusema. Tukapanga utaratibu. Mimi niwe napita na kitambaa kama nafuta vumbi, naweka mgongo wa mkono wangu pale aliposugua, natikisa kichwa pakiwa pamepata moto, nakiinamisha pakiwa salama. Bila maneno, maana yadi ina masikio. Karibu mwaka mzima mkono wangu ulikuwa mkono wake. Nawaambia kweli, mitihani ya taifa si kitu. Kila gari nililala nalo kichwani. Nilikuwa nikimkamua mtoto kamasi nashtukia ninapima joto kwa mgongo wa mkono, na moyo unanienda mbio kama nimeshikwa na polisi. Woga wa Fundi ulinihamia, ukaleta na mizigo yake yote.

Kisha likaja gari jeusi la mzee mmoja mfanyabiashara wa Nyamagana, wa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa tangu enzi za babu yake. Mzee mpole, sauti ya chini. Kesho yake binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, na alitaka kupanda gari lile na si jingine, kwa kuwa marehemu mama yake ndiye aliyelichagua. Gari la zamani, limetunzwa, lakini klia yake ilikuwa imebaki ya kuhesabia. Fundi alilizunguka mara nne. Nilidhani atakataa.

"Lina mama wa mtu ndani," alininong'oneza. "Nitalikataaje?"

Tulianza saa mbili asubuhi. Milango ilitoka kama kioo. Paa likatoka. Ilipofika boneti jua lilikuwa limepanda, mashine ya upepo inanguruma ukutani, na msimamizi wa yadi alikuwa amesimama na mafundi wawili hatua tano kutoka kwetu. Mimi niliinama kusuuza kitambaa, nimewapa mgongo. Ndipo Fundi, kwa mara ya kwanza tangu tupange, akauliza kwa mdomo. Taratibu, bila kuzima mashine.

"Hali ikoje?"

Wiki ile matokeo yangu ya majaribio yalikuwa yametoka. Nikasema moyoni, baba huyu, hata katikati ya kazi ananikumbuka.

"Nzuri tu, Fundi," nikamjibu, wala sikugeuka. "Namshukuru Mungu."

Nilisikia harufu kabla ya kuona. Harufu ya plastiki inayoanza kuungua. Nilipogeuka, kwenye ukingo wa boneti palikuwa na alama ya ukubwa wa yai, ya kijivu, imefifia, na sponji ya Fundi ilikuwa na weusi. Alizima mashine. Aliweka mkono pale kwa mazoea. Mkono haukumwambia kitu.

"Nilikuuliza hali," akanong'ona.

"Nami nikakujibu. Nzuri."

"Hali ya bati."

"Bati lina hali gani tena, Fundi?"

"Hali." Akalisema polepole, ulimi unahangaika kama unatafuta ufunguo gizani. "Joto, Mama Doto. Fundi aliyenifundisha alikuwa mtu wa Tanga. Joto wao wanaliita hali."

Hari. Nilikuwa nimeliona neno hilo kwenye kamusi ya darasani na nikalipita. Miaka mitatu alikuwa anataja joto, na mimi naitikia salamu. Nilikaa chini palepale kwenye matope ya sabuni.

Mmoja wa wale mafundi wawili alisogea, akaona, akapiga mluzi. "Paka polishi nyeusi," akasema. "Itakaa mpaka Jumatatu. Tena gari la harusi, juu yake wanaweka maua. Nani ataona?"

Ilikuwa kweli. Hakuna ambaye angeona. Msimamizi akasema, "Fanya hivyo, mzee anafika." Na mzee alikuwa keshafika, anashuka kwenye bajaji pale getini, amebeba kiboksi cha pipi za harusi kwa ajili yetu.

Fundi alisimama mbele ya ile alama, mikono nyuma. Nilimwona anatetemeka, na nikajua anaogopa, ila safari hii sikujua anaogopa nini. Kisha akasogea pembeni ili mzee aone.

"Nimekuunguzia gari, baba."

Yule mzee hakufoka. Afadhali angefoka. Alikabidhi kiboksi kwa msimamizi, akainama, akaweka ncha ya kidole juu ya ile alama.

"Bado pana moto," akasema.

Mtu aliyetumia maisha yake kugusa hariri na pamba alisikia kwa kidole kimoja kile ambacho Fundi hakukisikia kwa mkono mzima.

"Mkono wako una nini?" akauliza. Sijui alijuaje.

"Umekufa ganzi."

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea."

"Kuna mwingine aliyejua?"

Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kufungua mdomo. Nilikuwa na watoto wawili, mtihani mbele yangu, na msimamizi ananitazama. Nilitazama ndani ya ndoo. Povu lilikuwa linapasuka, moja moja.

"Hakuna," akasema Fundi. "Ni mkono wangu tu."

Mzee alikataa polishi nyeusi. Binti yake alikwenda na gari lile hivyohivyo, na alama yake, na nasikia hakutaka hata liwekwe maua. Fundi alifunga waya wa mashine vizuri, akauning'iniza, akamwambia msimamizi, "Kama unatafuta mtu, mwenye mkono ni huyo," akanionyesha mimi. Akaondoka akiwa amebeba shuka zake za kufunikia magari. Hakuniangalia. Nilishukuru kwamba hakuniangalia.

Miaka minne nikashika mashine ile. Nilifaulu mtihani pia, msiulize daraja. Na miaka yote minne nikisikia Fundi yuko Mkolani, nilikuwa na safari ya kwenda kwingine.

Nilikwenda mwezi uliopita. Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, anauza mkaa. Yule mtu aliyeogopa punje ya mchanga alikuwa mweusi kwa vumbi la mkaa kuanzia kope mpaka kandambili, na amevaa pete. Nilimwamkia. Aliitika "marahaba" kwa furaha, akaniletea kigoda, akaniuliza mwalimu kasemaje.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalitoroka. Nikamwambia tu kwamba siku ile nilisikia vibaya, kwamba ningegeuka tu nikaweka mkono lile gari lingepona, na kwamba mzee alipouliza nilinyamaza.

Alifuta kipande cha mkaa kwenye suruali.

"Nilisikia ulivyojibu," akasema. "Mtu hasemi 'namshukuru Mungu' kwa joto la bati. Nikajua hujanielewa."

"Kwa nini hukuuliza tena?"

"Msimamizi alikuwa karibu. Ningeuliza mara ya pili angesikia, angeuliza kwa nini fundi anaulizia joto kwa muosha magari." Akakirudisha kile kipande cha mkaa kwenye rundo. "Miaka yote niliogopa rangi. Siku ile moja niliogopa watu."

Alisema hivyo bila uchungu, kama anataja bei ya debe. Mimi nililia. Alinisubiri nimalize, kwa adabu ileile. Kisha akasema, "Lete mkono."

"Mkono wa nini, Fundi?"

"Wa kulia. Mbona umekaa umeukunja?"

Nilikuwa nimeukunja kwa sababu ya baridi. Ndivyo ninavyojiambia kila asubuhi. Akaukunjua mwenyewe, kidole kwa kidole, akaniambia nitazame kule barabarani na nihesabu kila kidole nitakachosikia amekibonyeza. Niligeuka. Nikasikia kimoja. Nikasikia cha pili. Nikasubiri. Nikasikia kingine, na kingine.

"Vingapi?"

"Vinne."

"Nimebonyeza vyote vitano," akasema.

Akaanza upya kuanzia dole gumba, polepole zaidi, na safari hii nilitazama.